Duara Dogo Kwenye Mchoro

Nilipewa kibonyezo cha kuhesabia, stuli moja,
na koti la manjano lenye jina la mtu mwingine mgongoni.
"Hesabu," alisema mhandisi Wandera, "usifikirie."
Nikaketi Kikuubo, pale kichochoro kinapokuwa koo:
mabeseni ya plastiki kushoto, gambuti kulia,
upana wake hatua zangu tatu, na mimi si mrefu.

Tik. Mama na mtoto mgongoni: mmoja huyo, au wawili?
Tik. Kijana wa mizigo, magodoro manne kichwani,
anapiga mluzi njia imfungukie.
Huyo nilimhesabu watu watano.
Hakuna aliyenikataza.

Kwa dakika moja wanafika sitini na mmoja.
Kwa dakika moja koo linameza sitini na wanne.
Basi yatosha, utasema, chungu kimeuzidi uji.
Nami nilisema hivyo, siku ya kwanza.
Lakini watu hawafiki kama shanga kwenye uzi.
Wanafika kama mvua ya Kampala:
tone, tone, kimya,
halafu bati zima.
Na ile dakika ya kimya haiwekwi akiba;
nafasi iliyopita tupu saa nne
haimfai anayekuja na gunia saa saba.

Jioni Wandera aliniandikia kanuni nyuma ya risiti:
waliomo ndani ni wanaofika, mara muda wanaokaa.
Sitini na mmoja, kila mtu dakika tatu,
mia moja themanini na watatu wanapumuliana shingoni.
"Ukitaka wapungue usiwafukuze," alisema. "Punguza zile tatu."
Nikamtajia bibi yangu wa Bombo,
aliyenifunga kamba za viatu akisema kawia ufike.
Akacheka. "Sisi tunaiandika kwa herufi za Kigiriki.
Wakisukumana mlangoni, mlango unakonda."

Kwenye mchoro wake, hatua mbili mbele ya koo,
kulikuwa na msalaba mwekundu: Kizuizi Namba Moja.
Ndiye Andezu, na beseni lake la mayai ya kuchemsha,
ameketi katikati ya njia kama mfupa.

Alhamisi Andezu hakuja. Alikwenda Arua kumzika shemeji.
Nikasugua viganja: leo kibonyezo kitachoka.
Saa sita na nusu njia ilikuwa wazi, pana, safi,
na wote wakaiona kwa wakati mmoja.
Waingiao na watokao, kifua kwa kifua;
magodoro yakakwama juu yao kama kizibo;
mtu akapoteza kiatu,
mwingine akamkaripia mtoto asiye wake.
Nikaisoma namba mara mbili.
Arobaini na tisa.

Jumatatu alirudi, macho mazito ya safari,
akaweka beseni pale pale.
Na umati, bila amri, bila kibao,
ukagawanyika kwake kama maji kwenye jiwe:
waendao upande wa gambuti,
warudio upande wa mabeseni.
Sitini na watano.
Nilikwenda kumwambia. Nilitaja hata kanuni.
Alinitazama kama niliyekuja kukopa.
"Nunua yai," alisema, "au sogea. Unaziba njia."

Mchoro mpya una ukuta uliorudi nyuma hatua moja,
mfereji uliofunikwa,
na mbele ya koo duara dogo la kalamu ya risasi.
Mkubwa wa Wandera aliweka kidole juu yake.
"Hiki nini?"
"Nguzo," nilisema, kabla Wandera hajameza mate.
"Ya zege?"
Sikumjibu upesi.
Mfukoni nilikuwa na yai, bado lina moto,
na chumvi kidogo katika kipande cha gazeti.